Mwadui: Jiji Ndani ya Seng'enge

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza kwa barabara ya lami, mwendo usiofika saa moja unakufikisha Maganzo. Ni mji wa barabarani kama mingine ya Usukuma: maduka ya mbele, gereji, mama lishe, bodaboda wakingojea abiria chini ya miarobaini. Ukiacha lami na kufuata njia ya mgodini unakutana na geti. Mbele ya geti hilo, kwa zaidi ya miaka sabini, watu wa nchi hii wamejifunza mambo mawili: umeme unawakaje, na kuulizwa pasi kukoje ukiwa kwenu.

Nyuma ya geti ni Mwadui. Wengi waliozaliwa kwenye kota zake hawakuona ajabu yoyote katika maji ya bomba, sinema, bwawa la kuogelea au ndege inayotua karibu na shule. Waliona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Ajabu waliikuta walipopelekwa likizo kwa bibi, kilomita chache nje ya uzio, ambako usiku ulikuwa na giza na maji yalitekwa.

Habari za Mwadui husimuliwa zaidi kama habari za mzungu mmoja na jiwe moja. Zina utamu wake, lakini hazielezi kwa nini jiji liliota katikati ya mbuga ya ng'ombe, wala kwa nini lilififia. Kulielewa hilo inabidi twende mbali kidogo na Shinyanga, hadi ofisi ya matangazo ya biashara mjini Philadelphia, kisha turudi kwenye mikutano ya TANU.

Nchi ya ng'ombe, kabla ya 1940

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na nyuma yake ikaja pamba. Kabla ya pamba na baada yake, mali ya Msukuma ilikuwa ng'ombe. Kwa ng'ombe alioa, kwa ng'ombe alilipa faini, kwa ng'ombe alivuka mwaka wa njaa. Ng'ombe ana sifa moja ambayo tutaihitaji mbele: ukimtoa kama mahari, huko aliko anazaa, na ukibanwa anauzika.

Madini nayo yalikuwa yameanza kutajwa. Mabuki, upande wa kaskazini, palichimbwa almasi tangu miaka ya 1920, ila kidogo tu. Dhahabu ndiyo iliyokuwa na kelele, hasa Geita, ambako mgodi mkubwa ulifunguliwa miaka ya 1930. Kampuni iliyokuwa Mabuki ilipokata tamaa, mmoja wa wataalamu wake wa miamba alikataa kuondoka. Huyo ni John Thorburn Williamson, aliyezaliwa Montfort, Quebec, nchini Kanada, mwaka 1907, na kusomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi shahada ya udaktari. Alibaki na vibarua wachache wa Kisukuma, madeni, malaria na imani kwamba vijiwe vinavyookotwa hapa na pale lazima viwe na chimbuko.

Chimbuko alilipata Machi 1940, Luhumbo. Kila familia ya Mwadui ina namna yake ya kuisimulia siku hiyo. Wengine wanasema gari lilikwama, wengine wanasema alikaa kupumzika chini ya mbuyu akaona kitu kinametameta. Mbuyu ndio uliopendwa zaidi, na si ajabu. Hadithi isiyo na mbuyu Usukuma haikai vizuri. Waliochekecha ule mchanga, sahani baada ya sahani, katika simulizi nyingi hawana majina.

Chini ya udongo palikuwa na bomba la mwamba wa kimberlaiti lenye eneo la hekta 146, kubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani. Ni kama viwanja mia mbili vya mpira vikiwekwa pamoja. Vita vilikuwa vinaendelea na viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia chuma. Mwaka 1942 ikaundwa Williamson Diamonds Limited, na miongoni mwa wanahisa akawamo wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye alikuja pia kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mgodi na siasa vilianza kukaa meza moja mapema sana.

1947

Mwaka huu unastahili kutulia nao.

Mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 ulikuwa umeiumiza biashara ya almasi. De Beers, kampuni ya Afrika Kusini ya ukoo wa Oppenheimer, ilikuwa imejaza mawe maghalani bila wanunuzi wa kutosha. Mwaka 1938 Harry Oppenheimer alikwenda New York kuzungumza na kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer, yenye makao yake Philadelphia. Kazi waliyopewa haikuwa kuuza pete ya duka fulani. Walitakiwa kumfanya kila kijana wa Kimarekani aamini kwamba bila almasi hajachumbia. Wakaanza kuwavisha nyota wa sinema, wakayapa magazeti habari za pete za watu maarufu, wakatuma wahadhiri katika shule za sekondari kuwasimulia wasichana juu ya pete za uchumba. Waliwatupia jicho pia watu wa ufalme wa Uingereza, maana mtoto wa mfalme akivaa kitu, mke wa karani naye atakitaka.

Usiku mmoja wa 1947 mwandishi wa matangazo wa Ayer, Frances Gerety, aliandika sentensi ya maneno manne: kwamba almasi haina mwisho, ni ya milele. Mwaka uliofuata ikaanza kutoka magazetini. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age likaitaja kuwa kaulimbiu bora ya karne nzima.

Uzuri wa sentensi ile kibiashara haukuwa katika mapenzi. Kitu cha milele hakiuzwi tena. Anarithishwa binti, anarithishwa mjukuu. Mawe yote yaliyokwisha kununuliwa yakabaki vidoleni na kabatini, hayakurudi sokoni kushindana na mapya. Hapa ndipo ng'ombe wa mahari na pete ya almasi vinapoachana. Vyote viwili ni ushahidi kwamba mwanamume hatanii, lakini yule wa Usukuma aliyepewa ng'ombe anaweza kumgeuza ada ya shule. Aliyepewa pete huko Marekani ameshaambiwa kwamba kuiuza ni kuyauza mapenzi yenyewe.

Mwaka huohuo, Oktoba, Mwadui ikatoa jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson alilitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa Novemba 20. Lilichongwa London mwaka 1948 likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalifanya moyo wa ua katika bruchi. Elizabeth alilivaa hadi uzee. Katika harusi ya mwanawe Charles, mwaka 1981, iliyotazamwa kwa televisheni dunia nzima, lilikuwa juu ya nguo yake.

Williamson hakuwa mtu wa De Beers. Alikuwa mshindani wao, na mkaidi. Kuna kipindi alizikalia almasi zake akakataa kuzipitisha katika chama chao cha mauzo mpaka wamtimizie masharti. Hata hivyo zawadi ile iliwafanyia De Beers tangazo ambalo hawakulilipia hata senti. Na hapa pana jambo ninalolipenda katika historia hii: Gerety hakuolewa maisha yake yote, na Williamson hakuoa. Watu wawili waliofanya kazi kubwa mwaka 1947 ya kuifunga almasi na ndoa, wote walikufa bila ndoa.

Jiji linajengwa, 1948–1957

Fedha za pete ndizo zilizojenga Mwadui. Mgodi ulikuwa mbali na kila kitu, hivyo Williamson akajenga kila kitu: mitambo ya umeme, hospitali, shule, maduka, karakana, kiwanja cha ndege, klabu, kiwanja cha gofu. Bwawa la Songwa, lililochimbwa kuupatia mgodi maji, likapata hata klabu ya mashua za tanga. Mashua za tanga Shinyanga, mkoa ambao mvua yake watu huiombea! Wakoloni wa Dar es Salaam walikuja kustaajabu. Oktoba 1956 alikuja Binti Mfalme Margaret, mdogo wake malkia.

Lilikuwa jiji lenye vyumba tofauti. Wazungu walikaa kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na ukubwa wa nyumba ulifuata rangi kabla ya kufuata cheo. Hata hivyo mtoto wa fundi wa Kiafrika ndani ya uzio alikuwa na vitu ambavyo mtoto wa mtemi nje yake hakuwa navyo. Hilo lilizaa majivuno ya aina yake. Mwadui haikuwa Shinyanga. Mwadui ilikuwa Mwadui.

Ilikuwa pia jiji lenye upekuzi. Sheria ya kulinda almasi ililifanya eneo la mgodi kuwa la kuingia kwa kibali, na almasi ghafi mfukoni mwa mtu asiye na leseni ikawa kosa, hata kama ameiokota shambani pake baada ya mvua. Baba alitoka zamu akapekuliwa. Mgeni wa harusi aliombewa pasi. Watoto walijua mapema kwamba kuna kokoto ambazo hazichezewi. Katika miji mingine mzazi humkataza mtoto kuokota kitu barabarani kwa sababu ni kichafu. Mwadui alimkataza kwa sababu kinaweza kuwa safi mno.

Nje ya uzio nako palikuwa panasogea. Wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi, wakaanzisha vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, na ndani ya miaka michache ukawa ushirika mkubwa kuliko wote wa Waafrika katika bara hili. Wakati Mwadui ilikuwa inapewa maendeleo na tajiri mmoja, Usukuma wa mashambani ulikuwa unajijengea nguvu yake kwa robota za pamba.

1958

TANU ilizaliwa Dar es Salaam Julai 7, 1954. Jimbo la Ziwa liliipokea kwa moto kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilikizuia chama kufanya kazi huko, na zuio hilo halikuondolewa hadi 1958. Maana yake ni kwamba katika miaka ambayo klabu ya Mwadui ilikuwa katika ubora wake, mtu wa Shinyanga aliyetaka kuwa mwanachama halali wa TANU hakuwa na tawi la kwenda.

Mwaka 1958 mambo yakaja kwa mfululizo. Ernest Oppenheimer, baba yake Harry na mkuu wa De Beers, alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia. Januari, Williamson naye akafa kwa saratani ya koo akiwa na miaka 50. Mwezi huohuo, Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulivutana hadi ukakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Geita, serikali ilijaribu kulazimisha baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mchanganyiko. Wananchi wakakataa, wakaandamana kwa maelfu mpaka Mwanza. Serikali ikarudi nyuma.

Katikati ya moshi huo, Agosti, mgodi uliuzwa. Percy Williamson, kaka wa marehemu, hakuwa na hamu ya kuendesha jiji Usukuma. De Beers walichukua nusu na serikali ya Tanganyika nusu, kwa takribani pauni milioni nne. Harry Oppenheimer akapata kwa kalamu kile ambacho baba yake alikikosa kwa miaka kumi na minane.

Mauzo hayo hukumbukwa kama habari ya De Beers. Mimi naona nusu ya pili ndiyo nzito. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imebakiwa na miaka mitatu tu bila yenyewe kujua, iliinunulia nchi huru nusu ya mgodi wa almasi. Nyerere alipoapishwa aliikuta hiyo mezani. Na pamoja na hisa alirithi ndoa na soko: almasi za Tanganyika zingeendelea kupita mikononi mwa walewale walioajiri Ayer. Nchi inayojitawala ilikuwa mbia katika tangazo la Philadelphia.

Uhuru na kazi, 1961–1973

Desemba 9, 1961 iliingia Mwadui kwa bendera mpya na vyeo vilevile. Kubadilika kulikuja polepole. Waafrika walianza kupanda kwenye nafasi za usimamizi, na familia zao zikahamia mitaa ambayo wazazi wao waliingia kwa kazi ya bustani na jikoni tu. Mtoto aliyekuwa akichungulia bwawa la kuogelea sasa aliogelea.

Katikati ya miaka ya 1960 mgodi ulikuwa unatoa karati zinazokaribia laki tisa kwa mwaka, na almasi ilikaa pamoja na mkonge, pamba na kahawa miongoni mwa vitu vilivyoiletea nchi fedha za kigeni. Azimio la Arusha lilipokuja Februari 5, 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa, lakini Mwadui, ambayo tayari nusu yake ilikuwa ya serikali, haikuguswa kwanza. Zamu yake ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa kuundwa kwa shirika la madini la serikali, STAMICO, ikawa mgodi wa umma.

Tanzania ilijaribu pia kukata mawe yake yenyewe. Kiwanda cha Tancut kilijengwa Iringa, mbali na Shinyanga, kukata na kung'arisha almasi. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu si pete hata moja. Ni bendi yake. Tancut Almasi Orchestra, pamoja na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ilijulikana kupitia redio miaka ya 1980 kuliko kitu chochote kilichotoka kwenye mashine za kiwanda. Mtanzania wa kawaida hajawahi kushika almasi, ila aliicheza.

Redio na foleni, 1973–1992

Watoto wa Mwadui wa kipindi hiki walikulia kwenye matangazo ya namna nyingine. Redio Tanzania ilikuwa na matangazo ya biashara, lakini sauti iliyotawala ilikuwa ya chama na serikali: Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Kilimo cha Kufa na Kupona. Watu walijipanga kuzunguka redio kujifunza kuchimba choo na kuchemsha maji. Kama ufundi wa tangazo ni kubadili mwenendo wa watu wengi kwa maneno machache, basi TANU ilikuwa na mafundi wake, tena hawakuhitaji Ayer.

Wakati huohuo wenzao wa De Beers walikuwa Japani. Mwaka 1967 pete ya almasi ilikuwa kitu kigeni huko, chini ya maharusi watano katika mia waliivaa. Kufikia 1981 walikuwa wapata sitini katika mia. Miaka kumi na minne ilitosha kuizoesha nchi nzima desturi ambayo bibi zao hawakuijua. Mapato ya Mwadui yalisimama juu ya uchumba wa mabinti wa Tokyo, nami sidhani kama kuna kikao cha tawi la chama Mwadui kilichowahi kuliweka hilo kwenye ajenda.

Nje ya uzio mwaka 1974 watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wengine wakiacha mahame yenye makaburi ya wazee. Miaka miwili baadaye msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga uliishia na mahabusu kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mapema 1977 ingawa yeye hakumgusa mtu. Shinyanga, kwa njia zake, ina desturi ya kuwaondoa mawaziri; tutaiona tena.

Ndani ya uzio uchakavu ulianza kwa vitu vidogo. Mawe bora ya juu yalikwisha chimbwa. Mitambo ilihitaji vipuri, vipuri vilihitaji dola, na dola baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa mafuta hazikuwepo. Uzalishaji uliporomoka hadi sehemu ndogo ya ule wa miaka ya 1960. Maduka ya mgodi, yaliyokuwa na kila kitu, yakafanana na maduka mengine ya nchi: foleni, sukari ya mgawo, sabuni ya kukatwa vipande. Waliokulia Mwadui miaka hiyo wanaikumbuka kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Palikuwa bado pazuri kuliko kwingine. Na kila mwaka palikuwa pabaya kuliko mwaka uliopita.

Kuna jambo watu wa nje hawalijui. Utaifishaji ulikuwa umeondoa ubaguzi wa rangi kwenye kota, lakini seng'enge haikuguswa. Geti lilibaki, upekuzi ulibaki, pasi ilibaki. Mwenye mali alikuwa mwananchi, na mwananchi alisimama nje akionyesha kitambulisho.

Mapesa, 1993–2016

De Beers walirudi miaka ya mwanzo ya 1990 kwa hisa asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Walirejea katika nchi nyingine kabisa. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, na mwaka 1994 ITV ilianza kurusha televisheni Bara. Bia, sabuni, dawa ya meno na baadaye simu za mkononi ziliingia sebuleni na nyimbo zake. Siasa nayo ikajifunza lugha hiyo. John Cheyo wa Bariadi, wakati huo ndani ya mkoa wa Shinyanga, aligombea urais 1995 na 2000 kwa tiketi ya chama cha UDP, akiahidi mapesa waziwazi mpaka jina hilo likamganda. Wasomi wa mjini walimcheka. Lakini huyu alikuwa mgombea kutoka mkoa wenye almasi na dhahabu ambao watu wake hawakuona zote mbili, na neno moja lilitosha kuwaeleza anachomaanisha.

Dhahabu ndiyo iliyotwaa jina. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Vijana wa Mwadui waliosoma ufundi walikwenda huko kwenye mishahara. Mwadui ikawa shule ya mafundi wa migodi ya wengine.

Mwaka 2009 De Beers waliuza hisa zao kwa kampuni ya Petra Diamonds kwa dola milioni 10. Novemba 2015 jiwe moja la waridi la karati 23.16, kutoka mgodi huohuo, liliuzwa Antwerp kwa zaidi kidogo ya dola milioni 10. Jiwe moja lilirudisha bei ya robo tatu ya mgodi. Mwaka huo pia Mwadui FC, chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, Julio, ilicheza Ligi Kuu na kukaa humo hadi 2021. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu jina la Mwadui lilitajwa kila wiki redioni bila neno almasi nyuma yake.

Mzigo wa uwanja wa ndege, na tope, 2017–2025

Mwaka 2017 Rais Magufuli alikuwa vitani na kampuni za madini. Baada ya ugomvi wa makinikia, mchanga wenye dhahabu, ikaja zamu ya almasi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mussa Azzan Zungu iliwasilisha taarifa Septemba, na waziri George Simbachawene na naibu waziri Edwin Ngonyani, waliotajwa humo, wakajiuzulu. Siku chache baadaye serikali ilitangaza kukamata uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mzigo wa almasi za Mwadui wenye karati 71,654, ikidai thamani yake imeandikwa pungufu mno. Petra walikanusha.

Ugomvi wenyewe unaeleza mengi. Pamba ina mizani na dhahabu ina bei ya dunia ya kila siku. Almasi ghafi haina bei hiyo. Kila jiwe hutazamwa na kukadiriwa peke yake, na anayekadiria ndiye mwenye nguvu. Kwa karibu miaka sitini nchi ilikuwa imegawana mapato ya bei ambayo haikushiriki kuipanga.

Wakati mabosi wakigombea thamani ya mzigo, uzio ulikuwa na vita vyake. Vijana wa Maganzo na vijiji jirani huingia usiku kuchekecha mchanga, huitwa wabeshi. Baadhi walipigwa, kupigwa risasi, kufungiwa, wengine walikufa. Kampuni ya mawakili ya Leigh Day iliyafikisha madai ya watu 71 London, na Mei 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 bila kukiri kuwajibika kisheria. Mgodi wenyewe ulikuwa umesimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kota zikanyamaza. Desemba 2021 makubaliano mapya na serikali yalipanga kuipandisha Tanzania hadi asilimia 37.

Oktoba 7, 2022, Hong Kong, Sotheby's walipiga mnada jiwe la waridi la karati 11.15 lililochongwa kutoka kipande cha Mwadui cha karati 32. Waliliita Williamson Pink Star, kwa heshima ya lile jiwe la Elizabeth na almasi nyingine ya waridi, Pink Star. Wanunuzi walishindana na likafika dola milioni 57.7. Mwezi mmoja kamili baadaye, Novemba 7, kingo za bwawa la majitope la mgodi zilipasuka. Tope la kijivu lilifunika nyumba, mashamba, visima na malisho huko Ng'wang'holo na Nyenze. Hakuna aliyekufa. Familia zilizopoteza makazi zilianza hesabu za fidia: ekari ngapi, paa la bati au la nyasi, mifugo mingapi.

Ayer, waliotunga umilele wa almasi, walifunga ofisi mwaka 2002. De Beers wenyewe walianza 2018 kuuza mapambo ya almasi za maabara, na bei ya mawe ya ardhini ikalegea. Januari 2025 Petra walitangaza kuuza sehemu yao yote ya Mwadui, pamoja na madeni wanayoudai mgodi, kwa Pink Diamonds Investments. Bei iliyowekwa haikuzidi dola milioni 16, kidogo kupita robo ya ile ya kijiwe kimoja cha Hong Kong.